Usiwashe Makaa Mgeni Hajavua Viatu

Mjukuu wangu Neema anasoma mambo ya hoteli na utalii, na wiki iliyopita alikuja nyumbani kwangu Nyamianda na karatasi ya kazi ya shule. Swali lilikuwa hivi: taja na ueleze sababu tano zinazomfanya msafiri atamani kurudi kwenye ufuko. Sababu tano, si nne wala sita. Mwalimu wao amewasaidia mbili za kuanzia, yaani mchanga safi na huduma ya haraka. Ile ya kwanza niliipokea kwa heshima, ingawa mchanga wetu ziwa limeumeza na sasa maji yanabisha hodi kwenye ngazi za watu. Ile ya pili ilinifanya niweke kikombe chini.

Mimi nimechoma samaki kando ya ziwa hapa Uvira kwa zaidi ya miaka thelathini, mahali palepale, kwa mama yuleyule. Watu wa Bukavu walipaita Kwa Mama Nabintu. Ubao wa jina haukuwepo, kwa sababu kila mwaka tulisema tutauweka. Basi Neema, na nyinyi wenzake ambao naambiwa mnangoja kunakili majibu yake, someni maneno yangu kabla hamjaiga ya mwalimu. Najua huduma ya haraka inaufanyia nini ufuko, kwa kuwa niliileta kwa mikono yangu, na nusura nimhamishe mama wa watu kwenye kiwanja chake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kashindi, mtu mfupi mwenye vidole visivyosikia moto. Nilipofika kwake nilidhani kuchoma samaki ni kumweka samaki juu ya moto. Siku ya kwanza niliona wageni wanaingia, nikakimbilia kiberiti ili nionekane mchapakazi. Akanishika mkono.

"Weye, wacha makala kwanza," alisema, yaani makaa. "Ule muntu hayatosha viatu."

Nikatazama. Kweli, mgeni alikuwa bado hajavua viatu vyake vyeusi vya ofisini, na vumbi lote la bonde la Ruzizi, tangu Katogota hadi Kavimvira, limelala juu yake. Nikauliza viatu vina uhusiano gani na samaki.

"Iko na viatu, iko bado mu njia," Kashindi akanijibu. "Ukimupa samaki sasa, atakula sawa muntu wa njia. Atakula, ataenda, atasahau."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu. Mgeni anakaa, anaagiza, sisi tunaitikia kwa furaha kubwa, halafu hatufanyi lolote. Tunamtazama kwa pembeni. Anaweka simu mezani, anaishika tena, anaitazama Bujumbura ng'ambo ya maji, anafungua kishikizo cha shati. Mwisho anainama na kufungua kamba za viatu. Hapo ndipo mmoja wetu anateremka penye mitumbwi kumchagulia mukeke wake, samaki wa ziwa letu, maana wa jana hatukuwa naye na frigo hatukuwa nayo. Kutoka kuagiza mpaka kula ni saa moja na nusu ukiwa na bahati, na saa mbili na zaidi upepo ukigeuka.

Kwa kuwa nyinyi mnapenda mambo ya kuandika kwenye daftari, andikeni haya. Mukeke hupasuliwa mgongoni, si tumboni, kwa sababu tumbo lake ni jembamba na litaungua kabla mgongo haujaiva. Chumvi inatangulia, ndimu inafuata. Makaa yangoje mpaka yavae majivu meupe. Ukiona yana mwali bado, nenda ukamenye ndizi. Samaki anageuzwa mara moja tu, na anayemgeuza mara mbili anatafuta cha kufanya. Jiko liweke mahali ambapo upepo wa ziwa utapitisha moshi karibu na meza za wageni, usiwaingie machoni, uwapite tu ukiwasalimu.

Halafu kuna kitunguu. Mgeni akianza kutazama saa na kusukuma kiti nyuma, tupa nusu ya kitunguu juu ya makaa. Harufu ikimfikia atadhani samaki wake yuko motoni, naye atatulia kwa dakika ishirini, wakati samaki mwenyewe bado anatolewa magamba. Kitunguu cha pili kitamtuliza dakika kumi. Cha tatu msijaribu, kwa sababu atakuja jikoni.

Makosa nimefanya mengi, na hili nalitaja kwa kuwa najua mtalifanya. Siku moja alikuja bwana mkubwa kutoka Bukavu na wageni wake. Nikafikiri kwamba mtu wa cheo kile hatapenda kutazamana na samaki, basi nikakata kichwa, nikapamba sahani kwa nyanya na majani, nikaona nimefanya ustaarabu. Bwana aliitazama sahani muda mrefu.

"Kichwa iko wapi?" akauliza.

Nikasema nimekitoa kwa heshima yake.

"Heshima ya nani? Nani iko nakula kichwa ya samaki yangu kule mu jikoni?"

Ilibidi Mama Nabintu mwenyewe aje na kile kichwa, juu ya sahani yake peke yake, akiwa amekifunika kwa kitambaa kama maiti ndogo. Bwana akakikagua macho, akaona ni ya samaki wa leo, ndipo akala. Kwetu samaki asiye na kichwa ana siri, nanyi mkienda kupamba sahani kama kwenye vitabu vyenu mkumbuke hilo.

Huyo Mama Nabintu alikuwa mjane. Mumewe alimwachia kiwanja kando ya maji na watoto, naye akaweka meza nne na jiko moja, akawasomesha watoto wakamaliza. Hakuwa mtu wa kelele. Alitembea kati ya meza akiuliza habari za safari, za wazazi na za magoti ya wazazi. Mgeni mmoja wa shirika alimwambia kwamba mahali pa heshima huwa pana kitabu cha maoni, basi akanunua kaye, daftari la shule, akaifunga kwa kamba kwenye nguzo, na kalamu yake.

Tulisoma yaliyoandikwa mle kwa miaka mingi, na karibu yote yalikuwa jambo moja. "Samaki muzuri lakini munachelewa." "Tumezeeka tukingojea." Mmoja aliandika kwamba waliagiza wakiwa wachumba. Wachache walitusifu, wakasema safi sana, hongera, Mungu awabariki. Ilinichukua miaka kugundua kwamba waliotubariki hatukuwaona tena, na waliotutukana tuliwaona kila kiangazi, wakiwa na watoto na mashemeji, wakikaa na kutukana upya.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Mtoto wa kwanza wa Mama, Justin, anafanya kazi Lubumbashi. Alianza kumpigia mama yake kumsihi auze kiwanja. Ziwa linapanda, mama anazeeka, na kuna mfanyabiashara anayepataka mahali pale ajenge ghala la saruji. Mama alimjibu kila mara jibu moja, nasi jikoni tulilisikia kwa sababu simu yake ilikuwa ya kupigia makelele.

"Watu wako wanarudia, Justin. Wakiwacha kurudia, nitafunga mizigo."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwetu sote. Wageni wakirudi, Mama anabaki kwenye maji yake. Wasiporudi, anakwenda kukaa nyumbani kwa mtu, hata kama mtu huyo ni mwanawe, na mimi nakwenda kupakua saruji.

Wakati huohuo akarudi Espoir, mpwa wake, amemaliza masomo ya hoteli ng'ambo, Bujumbura. Mama akamfanya gérant, msimamizi wa mahali pote. Sitamcheka Espoir, ni kijana mwema na alimpenda shangazi yake kweli. Alikuja kumwokoa. Akaichukua ile kaye, akakaa nayo siku mbili na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya kila neno la kuchelewa. Alipofika mwisho karatasi zilikuwa nyekundu kama za mwanafunzi mjinga.

"Tonton Byamungu," akaniambia, "watu wenyewe njo wanasema. Miaka yote wanasema kitu moja, na sisi hatusikie."

Mpango wake ulikuwa huu. Tununue frigo ya nguvu ya jua. Samaki wachomwe nusu asubuhi, wawekwe baridi, na mgeni akiagiza tuwamalizie juu ya moto kwa dakika kumi. Mama hakupenda, ila hakuwa na hoja ya kushindana na karatasi nyekundu. Akanigeukia mimi.

"Byamungu, weye njo unajua moto. Ukisema iko muzuri, na minye nitasema iko muzuri."

Hapo ndipo nilipaswa kukataa. Kashindi alikuwa ameshafariki, lau angekuwepo angenipiga koleo. Lakini magoti yalikuwa yananiuma, na Espoir alikuwa ameshaninunulia kofia. Ilikuwa kofia nyeupe, ndefu, ya wapishi wakubwa, na katika mpango wake jina langu liliandikwa kwa herufi kubwa kama chef de cuisine, mkuu wa jiko. Miaka yote nilikuwa nimechoma samaki nikiwa nimevaa kofia ya mpira iliyopauka. Niliijaribu ile mpya mbele ya kioo cha pikipiki, nikajiona mtu. Nikarudi kwa Mama, nikasema iko muzuri sana.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya sifa tupu. Mgeni akikaa tu, samaki huyo hapo, viatu bado viko miguuni na vumbi lake. Kaye ilijaa baraka. Espoir alizisoma kwa sauti kila Jumatatu, nami nilisimama nikizisikiliza ndani ya kofia yangu, mtu aliyejua kabisa waliobariki huenda wapi, na sikukumbuka.

Kiangazi kikaja, na wageni wetu hawakuja. Walikuja wapya, wakala, wakaondoka, tukapata wengine wapya, halafu hatukupata. Tulitafuta sababu na zilikuwepo nyingi, barabara mbaya, habari mbaya, ziwa lililokula safu ya kwanza ya minazi. Kila mmoja alichagua anayoipenda. Espoir alipendekeza miavuli ya rangi.

Wa zamani pekee waliokuja mwaka ule walikuwa injinia mmoja wa Bukavu na mkewe. Walikuwa wakija kila kiangazi, siku moja, meza ileile ya pembeni, na kila mwaka injinia alituandikia ukurasa mzima wa lawama. Safari hii nilitaka kumshangaza. Aliagiza, akageuka kumwambia mkewe jambo, na kabla hajalimaliza nilikuwa nimeshafika na sahani. Walikula. Walikuwa wamemaliza robo saa haijafika. Injinia akafuta mikono, akatazama simu. Mkewe akatazama maji, akamtazama yeye, akatazama maji tena. Nilikwenda kuondoa sahani, nikauliza kama samaki alikuwa mzuri.

"Alikuwa muzuri," yule mama akaniambia. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Na sasa tufanye nini?"

Nilikusanya mifupa na sahani. Adhuhuri haijafika walikuwa ndani ya gari, kila mmoja anatazama dirisha lake. Nilisimama na sahani zangu nikakumbuka miaka yote niliyowaona pale mezani. Saa ya kwanza walikuwa wakinyamaza hivyohivyo. Saa ya pili walianza kunung'unika pamoja juu yetu. Samaki alipofika walikuwa wanacheka, na yule mama ameshaegemea bega la mumewe, na bwana anaandika lawama huku mkewe akimtajia la kuongeza. Sikuwahi kujiuliza kama nyumbani Bukavu walikuwa na siku nyingine kama ile. Nilikuwa nimeichukua siku yao, nikawapa samaki.

Nilikwenda kwa Mama, nikavua kofia, nikamwambia yote. Nilimwambia nilisema ndiyo kwa sababu ya kofia. Nilitegemea atanifukuza, na ningeona ni haki.

"Nilijua sababu njo kofia," akasema. "Ulikuwa unatembea nayo mu soko."

Halafu akaniambia lililokuwa limemkalia moyoni. Justin anakuja Jumamosi, pamoja na yule mnunuzi. Amemwambia mama yake wageni hawarudi tena, Espoir mwenyewe amekiri kwa simu, basi ahadi ni ahadi. Aliyasema haya akikunja kitambaa cha meza, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

"Njo kusema ninaenda," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Jumamosi umuchomee mutoto yangu samaki ya zamani. Hata kama ni ya mwisho."

Jumamosi Justin alifika akiwa na suti na viatu vinavyong'aa, na mnunuzi akiwa na kamba ya kupimia. Wakakaa, wakaagiza samaki wawili. Nikaitikia kwa furaha kubwa, nikaenda jikoni nikakaa juu ya gunia. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama siku ile ya kutofanya kazi. Justin hakuvua viatu. Mnunuzi alizunguka na kamba yake, akapima ukumbi, akapima choo, akapima jiko langu huku nimekaa pembeni yake, akanitazama kama kitu kitakachohamishwa baadaye.

Nusu saa ikapita, ikapita saa nzima. Justin akaanza kutazama saa yake, nikatupa kitunguu. Akatulia. Akaanza tena, nikatupa cha pili. Espoir alikuja mbio na samaki wawili wa frigo, wamechomwa nusu, jasho linamtoka.

"Tonton, anakasirika. Tuwape hizi, tafazali, tusiharibu zaidi."

Nikamwambia awaweke kwenye meza ya jikoni. Alipowaweka niliwafunika kwa ile kofia nyeupe, nikakaa tena. Espoir akakaa nami, kwa kukata tamaa nadhani.

Mnunuzi alikuwa wa kwanza kushindwa. Alikuwa na safari ya kurudi Bukavu na hakutaka giza limkute kwenye milima. Akasema wataongea kwa simu, akakunja kamba yake, akaondoka na njaa. Justin akabaki peke yake kwenye meza. Sikutupa kitunguu cha tatu, na kama nilivyowaambia, akaja jikoni.

"Maman, samaki iko wapi? Iko anatokea Zambia kwa miguu?"

Mama alikuwa nyuma ya jiko, kwenye kigoda, anachambua ndagala, yaani dagaa, akiwatoa mchanga na vijiwe kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Iko nakuja. Kaa hapa unisaidie hii ndagala."

Kigoda kingine kilikuwa kifupi. Mtu wa suti hawezi kukaa pale bila kukunja miguu, na pale chini palikuwa na maji ya kuoshea samaki. Justin akasimama, akatazama viatu vyake, akavivua, akaviweka juu ya gunia. Mimi na Espoir tulitazamana. Nikaokota kiberiti, nikampa Espoir awashe, mimi mwenyewe nikateremka mbio penye mitumbwi na magoti yangu.

Niliporudi na samaki, vidole vya mama na mwanawe vilikuwa vinakwenda. Mtoto wa Uvira hasahau kuchambua ndagala. Kwanza Justin alitulaumu sisi, halafu akamlaumu mnunuzi kwa kupima choo mara mbili, mama yake akacheka. Halafu sauti ikashuka.

"Maman, minye sikuji juu ya kiwanja," alisema. "Niko naogopa. Maji inapanda. Siku moja watanipigia telefone waniambie mama yako amebebwa, na minye niko mbali."

Mama aliendelea na ungo. "Na nikienda kule Lubumbashi, utakuwa unakaa na minye hivi?"

Justin alichambua ndagala mbili tatu kabla ya kusema kweli. Namheshimu kwa hilo, kwa kuwa uongo ulikuwa karibu na ungemfaa.

"Kule niko na kazi mingi. Ninatokaka asubui, ninarudiaka wakati watoto wanalala."

"Basi nitakaa na nani? Na ukuta?" Akatoa kijiwe, akakitupa. "Wacha minye nibakie. Weye njo ukuje. Maji ikipanda, nitapandisha meza."

Justin alifuta pua kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na ndagala. Alilia kidogo, mtu mzima na tai yake, na mama yake alimwacha alie bila kumtazama. Na mimi nilifuta macho, wala moshi haukuwa upande wangu.

Samaki alifika saa kumi. Justin alimmaliza pamoja na kichwa, kisha akatuita mimi na Espoir, akatuambia kwamba chakula kilikuwa kizuri ila masaa yote hayo ni aibu, na kwamba mahali pakiendeshwa hivi hapatafika popote. Jioni akampigia mnunuzi, tukamsikia akimwambia mama hauzi. Kiangazi kilichofuata alirudi na mke na watoto, akalalamika siku tatu mfululizo, na kilichofuata pia. Meza tumezipandisha mara mbili. Mama Nabintu bado anatembea kati yake akiuliza habari za magoti ya watu. Espoir anaweka vinywaji kwenye frigo, na siku hizi ndiye anayewashika mkono wachomaji wapya wakikimbilia kiberiti.

Injinia na mkewe hawakurudi tena. Sijui wanakwenda wapi siku ile ya kiangazi, au kama wana siku. Hilo ni langu na linaniuma hadi leo.

Mimi niliacha kazi mwaka jana. Bibi yako, Neema, amesoma kurasa hizi jana, akaniambia nimemtaja injinia, nimemtaja hata mnunuzi wa saruji, na yeye sijamtaja. Ni kweli. Basi niseme kwamba mwezi uliopita nilimpeleka Kwa Mama Nabintu tukakae kama wageni, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Tuliagiza mukeke. Baada ya saa moja nilikuwa nimekasirika vibaya. Niliwaona kule jikoni wamekaa, makaa hayana hata moshi, nikataka kuinuka nikawaonyeshe kazi. Bibi yako akanishika shati, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Kaa, Papa Furaha. Nikuambie kitu." Akalitazama ziwa kidogo. "Minye samaki sipendaka."

Mjue kwamba miaka yote ile, kila jioni, nilimletea nyumbani mukeke nimemfungia kwenye jani, kipande kizuri, cha mkia. Kila jioni alikipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kumbe alikuwa anampa jirani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka zaidi ya thelathini.

"Ulikuwa unafika umechoka, unakula, unalala," alisema. "Ningekuambia saa ngapi?"

Nilimshika mkono juu ya meza mbele ya watu wote. Akaniambia na mengine, mengine ya kuchekesha, mawili ya kuumiza, mpaka samaki akafika na mimi nimesahau kwamba tuliagiza. Jumapili iliyofuata niliamka nikamkuta ameshavaa kitenge chake kizuri, amekaa mlangoni na mkoba magotini, ananiuliza kama tunaenda. Nikamuuliza atakula nini huko, mtu asiyependa samaki. Akasema hajui, atafikiria tukifika, nafasi ya kufikiria itakuwepo.